Nusu ya Sala

Sala za kanisa letu zimepangwa kwa watu zaidi ya mmoja. Kiongozi husema kipande chake, waumini wakaitikia chao. Huko milimani, nilikofundisha Biblia miaka mingi, sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Waitikiaji walikuwa tele, tena wengine waliitikia kabla sijamaliza, wakanikera.

Ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Waumini wangu wakapakiwa kwenye malori tofauti, wengine Kidete, wengine Ruhembe. Mimi, mgane asiye na mtoto, nikashushwa na godoro langu katika kijiji kipya upande wa Mikumi, ambako majirani wote walikuwa Waislamu. Watu wema, sikatai. Walinisaidia kujenga kibanda, wakanipa mihogo, wakaniita Mwalimu. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi ndiye nilikuwa kanisa zima.

Kila asubuhi niliketi barazani nikasali kwa sauti, kama nilivyofundishwa. Nikifika pa kuitikia, nilinyamaza kwa kiasi kile ambacho watu wangu wangetumia. Kuiruka sehemu hiyo sikuweza, na kujiitikia mwenyewe niliona ni wazimu. Ukimya ule uliniuma kuliko msiba wa mke wangu. Nasema hivyo bila aibu, maana mke wangu nilimzika nikiwa na watu.

Masika yalipokwisha nikasema basi. Nitakwenda kwa kasisi kuomba aniachishe kazi, nikakate miwa Ruhembe kama wanaume wengine. Nilikuwa nafunga mzigo alipokuja jirani yangu, mzee msuka mikeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nina neno, usinikasirikie. Kila siku nakusikia unakwama pale pale. Huna mtu wa kukukumbusha?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, nikacheka. Nikamweleza kwamba sijasahau kitu. Pale huitikia watu.

"Na watu wenyewe wako wapi?"

"Si wamehamishwa, mzee."

Akautazama mzigo wangu kwa muda. "Mimi kukuitikia siwezi, hiyo ni dini yako. Lakini kukaa tu, nani atanikataza?"

Nilimjibu asijisumbue, kwa ukali ambao hakustahili. Kesho yake, alipomaliza swala yake, akaja hivyo hivyo na ukili wake mkononi, akaketi kwenye ukingo wa baraza bila kuniomba ruhusa. Nikajisemea moyoni kwamba nitasali mara hii moja kwa heshima yake, kisha niondoke zangu.

Nikaanza. Nilipofika pa kuitikia nikanyamaza, macho chini, nikiungoja ukimya wangu. Mzee akaacha kusuka. Akakohoa, kikohozi kirefu cha makusudi kabisa.

Nikamsubiri amalize, ndipo nikaendelea. Na kesho yake vivyo hivyo.