Sauti Nyuma ya Gitaa

Juzi nilipeleka kanda zangu za roki kwa fundi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo anihamishie nyimbo kwenye flashi. Zamani tulirekodi kwa kuweka redio kaseti mbele ya redio nyingine, kwa hiyo na kelele za nyumbani ziliingia humo. Katikati ya gitaa linalolia, ikatoka sauti ya marehemu mama, ikiniita kwa jina.

Wazee walituonya: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Mimi nikajikuta nimesema, "Labeka, mama."

Kanda ikajibu, "Haya, njoo basi."

Fundi akaizima. "Mzee wangu, umeitika!"

"Ni mama yangu huyo."

"Sawa, lakini anakuita wapi?"

Nikasoma dua niliyoijua tangu madrasa, nikaikosea. Fundi akauliza kama aiondoe ile sauti, wimbo ubaki safi. Nikakataa, sina nyingine ya mama.

Kila Ijumaa nawaambia wenzangu msikitini kwamba niko tayari kwa safari ya mwisho. Mama kaniita mara moja tu, mchana kweupe, nami nikaing'ang'ania meza ya fundi kwa mikono miwili.