Kiporo cha Mwaka Mpya

Jioni ile Rafiq alikuwa amechuchumaa jikoni kambini, akimwagia maji sufuria ya wali ulioiva. Alikuwa dereva, Mbengali kutoka Bangladesh, mtu wa kuchekacheka. Mimi dereva Mtanzania, Mbena wa Kifanya. Tulikuwa walinzi wa amani mashariki mwa Kongo, tukipokezana gari la maji. Nilimfundisha "kamwene", salamu ya kwetu Njombe, naye akaitumia kwa kila kitu: kusalimu, kushukuru, hata kuaga.

"Unaharibu wali, wewe!"

"Kesho Pohela Boishakh, kaka. Mwaka mpya wetu. Wali unalala majini, asubuhi tunakula na pilipili na samaki mkavu."

"Loo! Sikukuu ya kula kiporo?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kwetu sikukuu ni nyama na ulanzi, pombe ya mianzi. Kiporo ni cha kunywea chai asubuhi, tena mgeni asikuone.

Hakukasirika. Aliomba kitu kimoja tu: zamu ya asubuhi ilikuwa yake, nimshikie, ili awapakulie wenzake kwa mkono wake, kama mama yake alivyofanya kila mwaka.

"Kwa ajili ya kiporo? Nenda bwana, utakikuta."

Ukweli ni kwamba nilitaka kulala.

Asubuhi wenzake walijifunga vitambaa vyekundu shingoni, wakachora maua makubwa uwanjani kwa uji wa unga wa mchele. Rafiq alipita na gari, akatoa mkono dirishani.

"Kamwene, kaka!"

Alipaswa kurudi saa tatu. Ikafika saa nne. Wali ukamsubiri mezani, hakuna aliyeugusa.

Nikamwendea mtu wa redio. Akasema gari halijibu.

Kisha milio ya risasi, upande wa mto tulikochota maji.

Tukakimbilia mahandaki. Mabuti yetu yakakanyaga yale maua.

Mungu wangu, nilisema, mrudishe, nitakula sufuria nzima.

Walimrudisha mchana, ndani ya turubai.

Jioni koplo wao alipakua ule wali. Nami akaniwekea. Ulikuwa umechacha kidogo, pilipili ikaniwasha koo. Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema.

Siku hizi naendesha lori la mbao kati ya Njombe na Makambako. Kila katikati ya Aprili naloweka wali. Mwanzoni mke wangu alinung'unika: "Baba Neema, wageni wakiona watasema nini?" Sasa analeta pilipili mwenyewe, anakaa, anakula.

Watu huniambia siku yangu ilikuwa haijafika. Labda. Lakini Rafiq aliniomba asubuhi moja tu. Nilikuwa nayo, nikamnyima.