Pembe Hazipimwi Mbichi

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatatu, nilisimama mbele ya mlango wa karakana moja katika mtaa wa viwanda hapa Bujumbura. Nilikuwa nimevaa shati la kuazima, na mkononi nilishika barua ya padri wetu iliyosema kwamba najua kusoma na kwamba si mwizi. Karakana ile ilitengeneza vichwa vya wanyama vya wawindaji. Vilikuja kutoka nje ya nchi na vibali vyake, vikachunwa, vikachemshwa, vikakaushwa, mwisho vikafungwa kwenye ubao ili vitundikwe ukutani. Nilifikiri nitapewa ufagio. Sikujua kwamba duniani kuna mtu ambaye kazi yake ni kupima pembe.

Mtu huyo alikuwa Mpimaji Mkuu, Mzee Leonidas, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Barua ya padri hakuisoma. Aliniwekea mezani jozi ya pembe zenye matawi, akanipa utepe wa chuma mwembamba kama utambi wa taa.

"Pima," akasema, akaondoka.

Jioni alirudi. "Umepata ngapi?"

"Nimepata hesabu tatu, shefu. Kila mara inabadilika."

"Pembe ndiyo imebadilika?"

"Apana, shefu."

"Basi ni mukono yako. Kesho utarudi tena."

Nilirudi kesho yake, na nikaendelea kurudi mpaka mvi zikaniota.

Pembe zile za kwanza zilikuwa za paa wa Ulaya, ziliachwa na mteja mmoja aliyehama. Hapa kwetu mnyama huyo hayupo, lakini Mzee Leonidas aliamini kwamba anayeweza kumpima paa wa Ulaya hashindwi na pembe yoyote. Pembe ya paa yule ni mfupa mtupu. Huanguka kila mwaka, ikaota nyingine. Unaanza kwenye ile pete ya mfupa iliyo kama kola pale pembe inapotoka kichwani, unaufuata upande wa nje wa shina mpaka nchani. Kisha unapima kila tawi peke yake, na tawi lisilofika sentimita mbili na nusu halihesabiwi, ni kinundu tu. Kisha unene wa shina kwa kulizungushia utepe mahali panne, kisha upana wa nafasi kati ya shina la kulia na la kushoto. Unajumlisha vyote. Halafu inakuja sehemu iliyonisumbua zaidi: tofauti zote kati ya kulia na kushoto unazitoa. Paa mwenye pembe kubwa zisizolingana hushindwa na mwenye pembe za wastani zinazofanana.

"Anatozwa faini kwa kuwa hivyo alivyozaliwa?" nilimuuliza.

"Si mimi niliyetunga," alinijibu. "Mi niko na utepe tu."

Shule niliiacha darasa la sita. Hayo yote niliyasoma katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa wiki. Wanyama wetu nilijifunza baadaye: nyati, pofu, tandala, na huyu nzohe ninayetaka kumsimulia. Nzohe ni swala wa majini. Anaishi kwenye matete na mafunjo, ana kwato ndefu zinazomzuia asizame kwenye tope, na dume lake lina pembe zilizojisokota. Pembe ya swala si kama ya paa wa Ulaya. Ni gamba lililovaa mfupa wa ndani kama soksi ilivyovaa mguu, na haianguki maisha yote. Ukimpima nzohe unaufuata mgongo wa pembe, yaani ule ukingo unaozunguka pamoja na msokoto. Anayekata njia ya mkato amempunja mnyama. Urefu wa pembe zote mbili, unene wa mashina yote mawili, jumla yake ndiyo hesabu. Kwake hakuna faini ya kutolingana.

Sheria moja iliwahusu wote. Pembe hazipimwi mbichi. Mnyama akifa, pembe zake bado zina maji, na maji huzivimbisha. Lazima zikae siku sitini mahali pakavu penye hewa ya kawaida, bila jua na bila moto, zisinyae mpaka zikome kusinyaa. Na fuvu likigandishwa kwenye barafu au likichemshwa, hata siku ya hamsini na tisa, siku zinaanza kuhesabiwa upya tangu moja.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa ng'ambo ya mpaka, kwenye kambi ya wawindaji katika mabwawa ya Tanzania magharibi, nikakaa huko misimu miwili ya kiangazi. Meneja wa kambi alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi yangu ilikuwa kuandika siku ya kifo cha kila mnyama na kumzuia mwindaji asitangaze namba mapema. Nilishindwa kila jioni. Mtu mzima, mwenye viwanda vyake huko kwao, alikuwa anatoa utepe mfukoni, anapima pembe zingali na damu, kisha anapiga simu. Baada ya miezi miwili namba inapungua, naye anasema nimemwibia.

Niliporudi Bujumbura, Mzee Leonidas alikuwa haoni tena mistari ya utepe. Nilipewa kadi ya upimaji mimi. Alinikabidhi chumba cha kukaushia, akasema, "Watakuletea machozi humu. Machozi nayo ni maji. Usiyapime." Mwaka uliofuata tulimzika.

Haji Seif nilimfahamu tangu siku zangu za mwanzo. Alikuwa mzee wa Kiarabu, familia yao ilitoka Omani zamani sana, na duka lao la vitambaa lilikuwa mjini tangu enzi ya babu yake. Ndiye mteja aliyejua sheria zetu kuliko wateja wote. Wawindaji wageni walipojisifu karakanani kwa namba mbichi, alikuwa anawacheka waziwazi: "Bwana, huyo bado anakunywa maji. Mwache akauke kwanza ndipo ujue umeua nini."

Kicheko kile kilikuwa na historia. Baba yake, Sulaiman, aliwahi kuua nzohe mkubwa. Alikuwa na haraka ya safari, akampima mbichi na kupeleka namba kwenye kitabu cha kumbukumbu cha wapimaji, kinachopokea pembe zilizofika kiwango tu. Akakataliwa, na kabla pembe hazijakauka duka liliporwa katika moja ya miaka mibaya ya nchi hii, pembe zikapotea. Katika kitabu kile jina la mwindaji huandikwa pamoja na la baba yake. Haji Seif alitaka ukurasa mmoja tu wenye maneno haya: Seif bin Sulaiman. Aliwinda nzohe maisha yake yote kwa ajili hiyo, na wote aliowapata walipungukiwa.

Safari yake ya mwisho alikwenda akiwa mgonjwa. Ini lilikuwa limeharibika na madaktari walikwisha kumwambia. Alirudi na fuvu la nzohe dume, akaliweka mezani kwangu mwenyewe.

"Mathias, tazama, usiseme."

Nilitazama. Sikusema. Miaka yote ile sikuwa nimeona nzohe kama yule.

"Siku sitini," akasema. "Daktari amenipa miezi mitatu. Tunayo nafasi, inshallah."

Fuvu lilichemshwa siku ileile, likawekwa juu ya rafu katika chumba cha kukaushia. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja, anakaa kwenye kiti cha plastiki akilitazama. Kahawa aliyokuja nayo kwenye chupa alikunywa peke yake. Mpimaji hapokei kitu chochote kutoka kwa mwenye pembe, hata kikombe, na yeye alijua. "Nakunywa na yako," alikuwa anasema, anajimiminia tena.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili nilipofika asubuhi moja nikakuta rafu ni tupu.

Mkuu wa karakana wakati huo alikuwa Shefu Deo, mtu mwema, fundi wa kuchemsha mafuvu asiye na mfano. Nilimkuta uani, sufuria kubwa inatoa mvuke, naye amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kichwani.

"Shefu, nzohe wa Haji iko wapi?"

"Iko hapa," akasema bila kuinua uso. "Niliona bado iko na mafuta mafuta pale nyuma ya masikio, inaanza kunuka. Nikasema, mzee ni mugonjwa, asikute kichwa ya nyama yake inanuka. Nikairudisha mu maji kidogo, ikuwe nyeupe."

"Na siku?"

"Nilikumbuka wakati maji yameshachemka, Mathias."

Kosa kama lile haliwezi kufanywa na mtu asiyejali. Tulilitoa fuvu, lilikuwa jeupe kama sahani mpya, tukalirudisha kwenye rafu. Shefu Deo alisema tusimwambie mtu. Ni sisi wawili tu tuliojua, na pembe zilikuwa zimekauka karibu kabisa. Nilimwambia sitaweza kutia sahihi. Akavua aproni.

"Basi twende wote. Mi ndiye nitasema."

Tulikwenda nyumbani kwa Haji. Alikuwa kitandani, binti yake Zuhura anampepea. Shefu Deo alisema yote amesimama, kofia mkononi. Haji Seif alifumba macho.

"Limekuwa jeupe?" akauliza.

"Jeupe sana, Haji."

"Mashallah. Basi anzeni upya."

Zuhura alitufuata hadi barazani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa sauti ya chini. "Kaka Mathias, hizo siku sitini baba hana. Wewe unajua, mimi najua. Pima leo. Mwambie namba yoyote, atakufa amefurahi. Nani atadhurika?"

"Namba ya leo naweza kuitaja kama makadirio, dada. Sheria inaruhusu. Lakini haiandikwi."

"Haidhuru. Mpe hiyo."

Tulirudi ndani. Nilimwambia Haji kwamba, akitaka, nitampimia sasa hivi, apate kujua inakaribia wapi. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa na rafiki.

"Mathias, mimi niliwacheka watu miaka arobaini. Leo unaniletea namba mbichi?"

"Ni dada ameomba, Haji."

"Zuhura ana huruma kama mama yake. Wewe usiwe na huruma. Wewe kausha pembe."

Ijumaa zilizofuata mimi ndiye niliyekwenda kwake. Hakuuliza habari za hospitali wala za duka. Aliuliza kama kuna unyevu, kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza na upepo wa ziwani unaingiza maji hata ukutani. Nilimweleza kwamba nimezisogeza pembe mbali na dirisha. Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Mara ya mwisho hakuweza tena kusema. Aliinua vidole vya mkono mmoja, akavikunja kimoja kimoja, akinitazama, na nikaelewa anauliza zimebaki wiki ngapi. Nilimwonyesha vidole vitatu. Akageuza uso ukutani.

Alifariki alfajiri ya Jumanne. Wakamzika siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri, kama desturi yao ilivyo.

Siku ya sitini ilipotimia Zuhura alikuja karakanani peke yake. Shefu Deo alifuta meza mara mbili. Nilipima kulia, sentimita sitini na tisa na nusu. Kushoto, sitini na nane. Mashina, kumi na tisa kila moja. Jumla mia moja sabini na tano na nusu. Kiwango cha kuingia kitabuni kilikuwa mia moja sabini. Nilirudia mara tatu, na safari hii mkono haukubadilika.

"Inaingia?" Zuhura akauliza.

"Inaingia, dada. Kwa nafasi."

Akashika ukingo wa meza. Shefu Deo alitoka nje, tukamsikia anafungua bomba na kuliacha maji yaende.

Kilichobaki kilikuwa ada ya kuandikisha. Hulipwa na mwenye pembe, na mwenyewe akiwa amefariki, hulipwa na warithi wote kwa kauli moja. Mpimaji haruhusiwi kuilipa, wala mfanyakazi yeyote wa karakana, maana hapo namba itakuwa imenunuliwa na aliyeitoa. Shefu Deo aliniomba nipokee pesa zake kwa siri. Nilikataa, naye hakunilaumu. Zuhura alikuwa tayari kulipa yote kutoka mshahara wake, lakini sahihi ya kaka zake ilikuwa lazima.

Kikao cha familia kilikaa siku chache kabla ya arobaini ya mzee. Niliitwa kueleza. Kaka mkubwa, aliyeshika duka, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ndugu Mathias, tunakushukuru. Mutu yeyote anajua ulimpenda mzee. Lakini marehemu anahitaji dua, hana haja ya kitabu. Na sisi hatutaki jina la baba na la babu liandikwe kwa sababu ya nyama aliyekufa. Zuhura, usilie. Hii ni heshima."

Sikuweza kumwambia amekosea. Aliyekuwa na jibu lake alikuwa ameshazikwa.

Karakana ilifungwa miaka michache baadaye, wageni walipopungua na vibali vilipokuwa vigumu. Shefu Deo alirudi kwao mlimani. Mimi nalima mboga Ruziba, na vijana huniuliza kama ile ilikuwa kazi kweli, kupima wafu kwa milimita. Nawajibu ilikuwa kazi, na ilitaka uaminifu kama kazi ya mwenye mizani sokoni. Siku hizi najiuliza zaidi habari za zile sheria. Zilituzuia kusema uongo, nazo zilikuwa nzuri. Hazikujua chochote kuhusu mtu aliyelala kitandani anahesabu wiki kwa vidole. Mwenyewe aliziheshimu mpaka mwisho, ndiyo maana sijapata wa kumlalamikia.

Pembe ziko kwa Zuhura, mtaa wa Mutanga Nord, juu ya kabati, hazina maandishi. Kitabuni jina la Seif bin Sulaiman halimo. Ada ambayo familia haikulipa iliongezwa kwenye sadaka ya arobaini. Ilikuwa faranga laki mbili na elfu arobaini.