Fidla Mbili Zinapogombana

Unguja nilikuwa napiga fidla kwenye kikundi cha taarabu, na kule fidla zote huenda pamoja. Ukisikia yako inakwenda kombo na ya jirani, unahama upesi kabla watu hawajageuka kukutazama. Nilipokuja Birmingham kusomea uuguzi, mapema miaka ya sabini, mkono wangu ulikuja na tabia hiyo hiyo.

Mwenzangu wa kupiga naye fidla huko alikuwa mwalimu wa muziki mstaafu, mama wa Kiingereza mwenye ulimi mkali, niliyekutana naye kwenye darasa la jioni mtaa wa Acocks Green. Alipenda muziki wa Kitaliano wa zamani sana, wa karne tatu na ushei nyuma, uliotungwa kwa fidla mbili na besi chini yake. Besi tulipigiwa na mpiga piano wa kanisa. Katika muziki ule hakuna fidla kubwa wala ndogo. Moja inasema, ya pili inadakia yale yale juu kidogo, zinafukuzana, kisha zinakwaruzana: moja imeng'ang'ania sauti yake, nyingine inaingia karibu yake mno, masikio yanauma. Halafu ile iliyong'ang'ania inashuka hatua moja, na moyo unatulia. Utamu wote uko hapo.

Mimi nilikuwa nakimbia. Kila tulipokaribia kukwaruzana nilishuka mapema, uso unaniwaka. Nilishazoea. Wodini mtu akinigonga na kigari, mimi ndiye niliyeomba radhi.

"Kwa nini unanipisha?" mama yule alifoka. "Baki hapo hapo, tugongane!"

Ilinichukua majira yote ya baridi kujifunza kubaki.

Siku ya kupiga mbele ya watu, kwenye ukumbi wa kanisa, nilimwalika dada yangu aliyekuwa akiishi mtaa wa Bordesley Green. Ndiye aliyenilea, na mji mzima ni yeye tu aliyewahi kunisikia nikipiga kule Unguja. Nilitaka ajivunie mimi. Sifa za watu wengine mle ukumbini sikuzihitaji.

Tulipofika pale penye mkwaruzo, nikang'ang'ania. Fidla ya yule mama ikanijia ubavuni, zikalia vibaya kama zinavyotakiwa, nami sikusogea hata unywele mpaka zamu yangu ya kushuka ilipofika. Sijawahi kupiga vizuri vile. Nikainua macho kumtafuta dada. Alikuwa ameinamisha kichwa, amevuta mtandio mpaka puani.

Tukafukuzana tena, tukakwaruzana tena, na kila mara alizidi kuinama. Aibu ikanipanda mpaka masikioni, na huku sijakosea hata mahali pamoja.

Tulipomaliza akaja akanishika mkono. "Pole, mdogo wangu," alininong'oneza. "Umeteleza mara nyingi, lakini hukuacha. Na wenyewe hawakucheka, wana adabu zao."

Ningeweza kumweleza. Lakini kila neno nililolitafuta lilisikika kichwani mwangu kama kisingizio cha mtu aliyeharibu kazi.

"Nisamehe, dada," nikasema. "Nimekutia aibu."

Yule mama alikuwa kando yangu, amejaa furaha, anangoja nimtambulishe. Dada akamgeukia kabla sijafumbua kinywa, akamshika mkono kwa mikono miwili, na kwa Kiingereza chake kidogo akamwomba radhi kwa makosa yangu. Mwenzangu akanitazama, akisubiri nimsahihishe dada. Nikainama, nikaanza kufunga kasha la fidla.