Waya Aliouunga Fundi Nyumbani Kwake

Jirani yetu tunayemwita Redio ndiye aliyeniletea maneno. "Unamwita fundi umeme yule? Haya. Mkewe alikufa kwa umeme, eti alimtega ili aoe mwingine."

"Mbona mwaka wa pili huu hajaoa?"

"Wanawake wamemwogopa!" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi sikucheka. Marehemu alikuwa rafiki yangu, tulijifungua wiki moja, vitanda vinatazamana. Lakini breka yangu, ile swichi ya ukutani inayojikata umeme ukivuja, ilikuwa haikai. Nikamwita.

Alikuja na soksi zisizofanana. Akachomoa kila kitu kwenye soketi, akairudisha breka, ikakaa. Kisha akachomeka kimoja kimoja, akingoja kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa. Pasi, kimya. Friji, kimya. Birika kuingia tu, ta! Breka ikaruka.

"Mwizi wako huyu," akasema. "Maji yamemwingia chini."

"Shemeji, si uunge tu waya bila kupitia hiyo breka? Nichemshe maji ya mtoto, leo tu."

Koleo likamponyoka. Akakaa sakafuni. Mwanangu akamkimbilia mpaka gotini, naye hakumgusa.

"Leo tu," akasema. "Hata rafiki yako alisema hivyohivyo. Hita ya ndoo ilikuwa inairusha breka, na mtoto hajaoga. Nyumba za watu nakagua mpaka darini. Kwangu nikaunga waya moja kwa moja, nikasema jioni nitarekebisha, nikaenda kazini. Akatia mkono kupima maji kama yamepata moto."

Nilijiziba mdomo. "Nani anajua?"

"Hakuna. Mama mkwe anadhani ni ubovu wa hita tu. Ananiita mwanangu. Mtoto analelewa kwake. Akijua, huenda asiniruhusu kumwona tena."

"Na usipomwambia?"

"Akinipakulia chakula, hakishuki."

Akakusanya vifaa vyake. Birika aliliweka juu kabisa ya kabati, nisilifikie. Mlangoni akageuka, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Jumamosi nakwenda kumwambia. Nimeshakwenda mara tatu, kila mara naishia kumtengenezea taa, ananishukuru, narudi. Twende wote, shemeji. Ukiniona nauliza kama kuna kitu kimeharibika, ninyang'anye bisibisi."