Beti Mbili Alizozipima Muhsina

Muhsina binti Marhoon hakuwa mtu wa kutulia. Akishona, atashona amesimama. Akipewa kikombe cha kahawa, atakinywa huku anazunguka chumba. Mumewe Suud alikuwa akimwambia, "Kaa kitako, mwanamke, dunia haikimbii." Naye humjibu kwamba yeye dunia keshaiona ikikimbia kwa macho yake.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipofika Maskati, katikati ya mwaka wa 1964, yeye na Suud na sanduku moja la bati. Unguja walimfukuza kwa kuwa ni Mwarabu, binti wa Marhoon. Maskati, wiki haijesha, mgeni mmoja akamnyooshea kikombe kitupu akidhani ni mtumwa wa nyumba. Maana rangi Muhsina alichukua ya mama yake, na mama yake alikuwa mtu wa bara.

"Kule mimi Mwarabu, hapa mimi mtumwa," alimwambia Suud. "Iko wapi nchi ya tatu nikajaribu?"

Suud alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

Walikaa kwa Bi Nasriya, shangazi yake Suud, aliyekuwa na binti wa kuolewa, Aliya. Hakuwa mtu mbaya Bi Nasriya, ila nyumbani mwake kila kitu kilikuwa na pahala pake, na watu vilevile. Kazi zote zilikuwa mikononi mwa Bakhita, mtumwa aliyezaliwa humo humo, pamoja na binti yake Hamdiya wa miaka saba. Mama yake Bakhita aliletwa kutoka Kilwa, ndiyo maana Bakhita akisema Kiswahili, tena cha kizamani.

Ndani ya lile sanduku la bati mlikuwa na karatasi ambayo Muhsina aliandikiwa na mama yake siku walipoagana. Mama alibaki Unguja. Sasa Muhsina alikuwa na mimba, na haikupita siku asiisome:

*Mwanangu shika la baba,*
*jina lake likuvike;*
*langu jina ni la haba,*
*kwa watu lisitajike.*

Asubuhi moja alipanda darini, akamkuta Bakhita anafua na kuimba polepole:

*Howa mwanangu mweusi,*
*weusi wa kwetu Ngindo;*
*wakikwita kwa utesi,*
*sema: wa Mama Chipindo.*

Muhsina alisimama kama aliyeitwa. "Nani kakufundisha hilo?"

"Mama. Chipindo ndiye aliyemzaa yeye."

Muhsina alishuka mbio, akarudi na karatasi yake, akamsomea. Kisha akasema, "Lako limelishinda langu. Wewe umeachiwa jina. Mama yangu kalificha la kwao kama aibu. Mpaka leo sijui nyanyangu akiitwa nani."

Bakhita alilikamua shuka mpaka tone la mwisho. "Mimi, bibi, naliona lako ndilo zuri."

"Uzuri wake uko wapi?"

"Mama yako aliwatazama watu akawajua. Akajifuta yeye ili wewe ubakie. Mimi jina n'nalo tangu utotoni. Bi Aliya akiolewa kule mbali Suhar baada ya miezi mitatu, Hamdiya anakwenda naye, pamoja na masanduku na mazulia ya bibi harusi. Jina litamzuia nani?"

Tangu siku hiyo hasira za Muhsina juu ya mama yake zilikatika katikati, zikakosa pa kwenda. Alimwendea Suud amwombee Hamdiya kwa shangazi yake, Suud akamwambia, "Sisi tumepewa chumba tu, na wewe unataka na funguo za nyumba?"

Akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Kheiria. Wanawake walikuja kumtazama, wakambana pua kichanga wa watu ili iwe nyembamba, wakasema msimtoe juani. Muhsina alikuwa akihesabu siku zilizobaki kabla ya harusi ya Aliya.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa wanawake, na halua ikapitishwa. Bi Nasriya, kwa ukarimu wake, akasema mbele ya wote, "Mke wa mwanetu, sema unachotaka nikutunze. Bangili? Mkufu?"

"Nataka Hamdiya," alisema Muhsina.

Watu wakatazamana. Bi Nasriya alimtazama binti yake Aliya aliyekuwa amejipaka hina, kisha akawatazama wageni. Ahadi alikwisha itoa mbele za watu. "Basi, chukua," alisema.

Muhsina aliinuka. "Mashahidi nyinyi nyote. Hamdiya yu huru kwa ajili ya Mungu, tangu saa hii."

"Umenihadaa nyumbani mwangu," alisema Bi Nasriya, tena kwa sauti ndogo. Kabla ya adhuhuri ya kesho yake, Suud na mkewe walikuwa wanafunga mizigo. Na mtoto aliyeachwa huru, Bi Nasriya akasema, asimwone tena mlangoni mwake.

Bakhita alimvika Hamdiya nguo yake safi, akamtoa mpaka kizingitini.

"Ungeniuliza kwanza," Bakhita alimwambia Muhsina.

"Ungenikataza?"

"Pengine. Pengine nisingekukataza. Lakini ningekuwa nimeulizwa."

Maneno hayo Muhsina alihama nayo hadi Matrah, kwenye chumba nyuma ya ghala la mfanyabiashara aliyemwajiri Suud ukarani. Kutoka Maskati ni mlima mmoja tu wa kuvuka, lakini Bakhita aliruhusiwa kuuvuka mara moja kwa mwezi, na miezi mingine asiruhusiwe kabisa. Muhsina alimfundisha Hamdiya kusoma na kuandika. Siku moja Hamdiya akamwita mama. Muhsina alimsahihisha. Mara ya pili alimsahihisha. Baadaye akajifanya hasikii, na mwenyewe alijua kwamba anasikia.

Mwaka wa 1970 serikali ikabadilika, watumwa wakaachwa huru. Bakhita alikuja na furushi kichwani, tayari keshakodi chumba sokoni Matrah, akipika mikate ya rakhali, ile myembamba kama karatasi, na kuiuza.

"Nenda na mama yako," Muhsina alimwambia Hamdiya, aliyekuwa sasa na miaka kumi na mitatu.

"Yupi?" aliuliza Hamdiya.

Hakuuliza kwa ujeuri. Bakhita alitazama chini. Muhsina alimfungia nguo zake, akamshika mkono, akautia katika mkono wa Bakhita, na wote watatu wakatoka kuelekea sokoni.

Mwaka huo huo skuli ya wasichana ikafunguliwa, Muhsina akapewa darasa la kusomesha. Bakhita alimpitia siku moja kumletea mikate ya moto. Alimsimulia kwamba Hamdiya alikaa wiki tatu nzima hali mkate mpaka aombe ruhusa, kama mgeni, na ni jana tu ndipo alipokata mwenyewe na kula. Bakhita alikuwa akicheka huku anajifuta macho kwa pindo la leso. Muhsina alijaribu kucheka naye, asiweze.