Mama Arcade Achagua Redio

Macho ya Épiphanie yalizimika Arcade akiwa bado anatambaa, kwa hiyo uso wa mwanawe wa ukubwani hakuwahi kuujua. Alimjua kwa sauti. Wenye macho tukifiwa tunabaki na picha ukutani. Yeye, duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, lilipomfukia Arcade huko machimboni, alibaki na memori kadi. Humo kijana alikuwa amejirekodi kwa simu akiimba nyimbo za kwaya yao ya Katumba, na kila akimaliza mmoja anacheka na kuuliza, "Mama, unanisikia?"

Simu yenyewe nayo ikafa, betri imevimba kama andazi. Épiphanie akaifunga kadi kwenye pindo la kitenge, akamwambia Joséline, mjane wa Arcade, ampeleke Mpanda mjini akanunue redio ndogo ya kuchezea kadi. Majirani wakacheka: kipofu anakwenda kuchagua redio! Kana kwamba redio husikilizwa kwa macho.

Wakapanda bodaboda moja mishikaki, wote wawili nyuma ya dereva, hadi sokoni, dukani kwa Anuari. Huyu Anuari asisingiziwe, alikuwa mtu mwema. Hakumharakisha mama wa watu. Alimtolea redio moja moja, akamwekea mikononi.

"Hii mama ndiyo kali. Ina skrini, vijana wanaigombania."

Épiphanie akaipapasa. Ilikuwa laini mithili ya sahani. "Nabonyeza wapi, mwanangu?"

"Hubonyezi, unagusa tu."

"Nagusa wapi?"

Anuari akairudisha kabatini. Iliyofuata ilikuwa na vitufe, ila kimoja kilifanya kazi mbili: ukikigusa kidogo kinaruka wimbo, ukikikandamiza kinapandisha sauti, na vidole vilivyozoea jembe havijui kugusa kidogo. Nyingine ukiizima na kuiwasha inaanza upya. Épiphanie akaikataa. Alitaka inayokumbuka alipoishia, asije akamtafuta mtu wa kumsomea namba.

Mwishowe akashika moja nzito kidogo, ina vitufe vya namba vinavyolia ko! vikizama, na cha katikati kina kichunusi cha kumwonyesha kidole kilipo. Akaizima, akaiwasha. Wimbo wa kadi ya dukani ukaendelea palepale. Tangu mazishi hakuwa amecheka, hapo alicheka.

"Hii ni yangu," akasema. "Hii sitamsumbua mtu."

Akafungua pindo, akampa Anuari kadi aiweke humo. Hakusema ina nini, maana aliona haya kulia mbele ya mgeni.

Sasa, kwa Anuari ukinunua redio unarushiwa nyimbo bure kwenye kadi, ni nyongeza, kama muuza nyanya anavyokuongezea moja juu ya fungu. Naye alitaka kumshtukiza mama kwa furaha. Akamtazama Joséline, akaonyesha kompyuta kwa kidole, akachezesha midomo bila sauti: "Za kwaya?" Joséline akaitikia kwa kichwa. Alidhani zitaongezwa juu ya zile za Arcade. Hakujua kwamba Anuari, kwa kuogopa virusi, kadi yoyote ya mteja huifuta kwanza.

Hayo yalipangwa mbele ya mwenyewe, kimyakimya, naye ameketi kwenye stuli anaisugua redio yake. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya wao wote. Kuuliza si ujinga, lakini nani humuuliza kipofu?

Redio ikalia. Kwaya ngeni, nzuri, na kinanda juu. Épiphanie akasubiri. Akabonyeza mbele, kwaya nyingine. Akabonyeza tena, na tena, vidole vikaanza kwenda mbio.

"Arcade yuko wapi?"

"Nimekujazia kwaya tupu mama, zawadi," Anuari akasema kwa furaha. "Zile za zamani nimefuta."

Joséline akapiga yowe. "Mabukwe, nisamehe!" akalia kwa Kirundi, akimshika mkwewe magoti. Anuari alipoelezwa alihangaika na kompyuta hadi jasho likamtoka, akamwita na mwenzake wa duka la pili. Wakaambulia patupu, nyimbo mpya zilikuwa zimeijaza kadi pomoni. Wahenga walisema wema hauozi. Huu uliozea palepale kaunta.

"Nilikuwa nimekaa hapa," Épiphanie akasema. "Hamkuniuliza."

Walirudi Katumba. Joséline alipomwekea chakula, mkwewe alikisogeza pembeni.

"Wewe ulimsikia kila siku. Ule wimbo wake wa kwanza, niimbie."

Joséline akaimba huku machozi yanamtoka.

"Siyo hivyo."

Akarudia, sauti chini zaidi.

"Siyo hivyo, mwanangu. Alikuwa anauanza taratibu, hivi..."

Épiphanie akafungua mdomo amwonyeshe. Ukamtoka wimbo wa ile kwaya ya dukani.